GiveDirectly: nimepitia hesabu zao, bodi yao na ule wizi wa Kongo, haya ndiyo maoni yangu

Ndugu zangu walioko Muscat na Dubai, na wengine wako Uingereza, kila Ramadhani ikikaribia wananiuliza swali moja, pesa ya kusaidia watu tupeleke wapi ambapo haitaliwa. Wananiuliza mimi kwa sababu kazi yangu ni hesabu, nimeshika vitabu vya mashirika madogo hapa Mombasa kwa miaka, na mara nyingi nawajibu kwa simu haraka haraka halafu naona sijasema yote. Sasa naandika vizuri kuhusu shirika moja ambalo nimelifuatilia muda mrefu, GiveDirectly, wale wanaotuma pesa taslimu moja kwa moja kwa simu ya mtu maskini bila mbuzi bila semina bila mifuko ya unga. Nawapa nyota nne kati ya tano, na nitaeleza nne zimetoka wapi na moja imebaki wapi.

Kwa wasiowajua, hili shirika lilianzishwa na vijana wa uchumi waliokuwa wanasoma Harvard na MIT, Paul Niehaus, Michael Faye, Rohit Wanchoo na Jeremy Shapiro, na walianzia hapa hapa Kenya, upande wa Siaya, kwa sababu M-Pesa ilikuwa ishaingia tangu 2007 na mama wa kijijini alikuwa tayari anaweza kupokea pesa bila mtu wa kati kumshikia. Mwanzoni walikuwa wanatafuta nyumba za kuezekwa nyasi, ukiwa na paa la nyasi unaandikwa, ukiwa na mabati huandikwi, baadaye sehemu nyingi wakahamia kwa kijiji kizima. Makao makuu yako New York. Hilo la New York mliweke akilini nitalirudia.

Tuanze na pesa kwa sababu ndiyo watu wanauliza kwanza. Swali la kawaida ni "katika dola moja, ngapi inafika?" na jibu kwa GiveDirectly kwa miaka mingi limekuwa zaidi ya senti 80 mkononi mwa mpokeaji, na kwa shirika la msaada hiyo ni nzuri sana maana hapo mkononi ni mkononi kweli, sio mkononi mwa mkandarasi wa kuchimba kisima. Lakini hapa nataka mtu asome polepole, kwa sababu ndipo mashirika mengi yanapotuzungusha. Shirika la Marekani lililosamehewa kodi linatakiwa kila mwaka kujaza Fomu 990 ya idara yao ya kodi, na fomu hiyo ni ya umma, unaweza kuisoma ukiwa umelala kitandani Kisauni na simu yako. Ndani yake Sehemu ya IX inagawa matumizi kwa safu tatu: ya kazi yenyewe, ya uendeshaji, na ya kuchangisha pesa. Sasa shirika likitangaza "asilimia 90 inaenda kwa kazi" linasoma ile safu ya kwanza, na ile safu ya kwanza ina mishahara ya maafisa wa mashinani, ina magari, ina tableti, ina kodi ya ofisi ya Kisumu, vyote vinahesabiwa ni kazi. Si uongo, ndivyo uhasibu unavyofanya. Ila kama unataka kujua iliyotoka ikaenda kwa watu, shuka kwa mstari wa tatu wa sehemu hiyo hiyo, ule wa misaada iliyotolewa kwa mashirika, serikali na watu walioko nje ya Marekani, linganisha na jumla ya matumizi yote ya mwaka, na fanya kwa miaka mitatu mfululizo sio mmoja, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kudanganya, shirika likipokea mchango mkubwa Disemba na kuutumia mwaka unaofuata hesabu inaonekana mbaya bila kosa la mtu.

Na pia naomba tuache hii tabia ya kupenda shirika kwa sababu tu gharama zake za ofisi ni ndogo. Mwaka 2013 wakuu wa Charity Navigator, GuideStar na BBB Wise Giving Alliance, yaani hao hao wanaopima mashirika Marekani, waliandika barua ya pamoja kuwaambia wachangiaji waache kutumia kiwango cha gharama za uendeshaji kama kipimo pekee. Mimi naongezea ya kwangu, shirika lisilolipa mkaguzi wa ndani litaonekana la bei rahisi mpaka siku litakapoibiwa. Nikiona gharama za uendeshaji ziko chini kupita kiasi nauliza nani anakagua, na mara nyingi jibu ni hakuna.

Bodi. Watu wanaruka hapa, mimi ndipo ninapokaa zaidi. Ile ile Fomu 990 ina Sehemu ya VI, inauliza wajumbe wa bodi wenye kura ni wangapi, wangapi kati yao ni huru, kuna undugu au biashara kati ya viongozi, kuna sera ya mgongano wa maslahi, kuna sera ya kumlinda mfanyakazi anayefichua uovu. Sehemu ya VII inataja mishahara ya wakubwa kwa majina. Fikiria hilo, mshahara wa mkurugenzi kwa jina, na sisi hapa ukimuuliza mwenyekiti wa kikundi analipwa posho ngapi anakununia mwezi mzima. Kwa nini bodi ni muhimu, angalieni yaliyopata Central Asia Institute, shirika la kujenga shule Pakistan na Afghanistan, mwanzilishi wake Greg Mortenson alikuwa mtu wa kupendwa dunia nzima, na bodi ilibaki na watu watatu, mmoja akiwa ni yeye mwenyewe. Mwaka 2012 mwanasheria mkuu wa jimbo la Montana alimaliza uchunguzi na Mortenson akatakiwa kurudisha zaidi ya dola milioni 1. Huna haja ya kuwa mchawi kuona tatizo, watu watatu, mmoja ndiye anayetumia pesa, nani atamwambia hapana? GiveDirectly bodi yao ni kubwa kuliko hiyo na majina yako wazi kwa tovuti yao, lakini waanzilishi wamekuwa na nafasi kubwa kwa miaka mingi na hapo mimi huwa nakazia macho, nitaeleza kwa nini nikifika kwa utafiti.

Sasa Kongo. Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niwaheshimu na pia iliyowakosesha nyota. Mwaka 2022 walikuwa na mradi Kivu Kusini, mashariki ya Kongo, mahali pagumu, vita, barabara hakuna, watu wamekimbia makwao. Kawaida yao mpokeaji anaenda mwenyewe kwa ajenti wa simu anasajili laini kwa jina lake. Kule kwa ajili ya usalama wakaruhusu wafanyakazi wao wenyewe wasajili laini za wapokeaji. Mtu yeyote aliyewahi kushika hesabu akisikia hivyo anashika kichwa, kwa sababu anayeandika jina la mpokeaji, anayeshika laini na anayethibitisha kwamba pesa imefika hawatakiwi kuwa watu wa timu moja, hiyo ndiyo kanuni ya kwanza kabisa ya kazi yetu. Wafanyakazi kadhaa wakala njama na watu wa nje, pesa zikaingia kwa laini ambazo wapokeaji wenyewe hawakuwa nazo mkononi. Karibu dola 900,000 zikaenda. Familia zaidi ya 1,700 hazikupata haki yao. Na hizi ni familia ambazo ziliandikwa, ziliahidiwa, zilikaa zinasubiri simu ilie, mimi hiyo inaniuma kuliko ile tarakimu ya dola, kwa sababu maskini akiahidiwa huwa anapanga, anakopa kwa duka, anamwambia mwalimu karo inakuja.

Walichofanya baada ya hapo: walisimamisha mradi, na 2023 wakaandika wenyewe hadharani, kiasi, mahali, njia iliyotumika, na uamuzi gani wa kwao ulifungua huo mlango. Waliandika kwamba ni wao walilegeza utaratibu. Kuna mtu ataniambia walilazimika, na kweli kuna ukweli hapo, ile Sehemu ya VI ya Fomu 990 inauliza moja kwa moja kama mwaka huo shirika liligundua mali yake kuchepushwa kwa kiwango kikubwa, na kiwango hicho kikizidi dola 250,000 hakuna kujificha, lazima utie alama ya ndiyo na ueleze. Lakini kutia alama kwa fomu ambayo watu wachache wataisoma ni tofauti kabisa na kuandika kwa tovuti yako mwenyewe pale pale unapoomba michango. Mweka hazina wa chama anayesimama mbele ya wanachama kusema pesa imepotea mikononi mwangu, kabla mtu hajauliza, huyo unaweza kumvua cheo lakini hutamwita mwizi. Na haikuwa mara ya kwanza, mwaka 2014 waliibiwa Uganda na wafanyakazi wao, pesa ndogo zaidi, na pia walisema wenyewe. Nimesoma ripoti za mashirika makubwa yanayofanya kazi nchi 30 au 40, mwaka baada ya mwaka, hakuna hata mstari mmoja wa wizi, na mimi sijawahi kuamini kwamba hawaibiwi.

Nyota moja imepungua kwa sababu ule udhibiti ulilegezwa pale pale ambapo hatari ilikuwa kubwa zaidi. Mahali pa vita ndipo unapoongeza mlinzi. Kama huwezi kuweka mlinzi, unasubiri, au unapeleka pesa kwa njia nyingine, au unakiri kwamba mahali hapo bado huwezi.

Utafiti nao. GiveDirectly wanajulikana kwa kupimwa, na kupimwa kwenyewe ni kwa hali ya juu. Utafiti wa kwanza wa Rarieda, huko huko Siaya, wa mchumi Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, ulitoka 2016, ukaonyesha watu hawakukimbilia pombe na sigara kama wengi wanavyodhani, walinunua mabati, mifugo, chakula kiliongezeka. Ule mkubwa zaidi wa Siaya, vijiji 653, kaya zaidi ya 10,000 zikapata karibu dola 1,000 kila moja, ulitoka 2022 na ukaonyesha kila dola iliyoingia ilizalisha karibu dola 2.5 kwa uchumi wa eneo hilo, na bei za vitu zilipanda kidogo mno, kama asilimia 0.1. Mwenye duka ambaye hakupewa chochote akafaidika kwa sababu majirani walikuja kununua.

Sasa soma majina ya waandishi. Shapiro ni mwanzilishi wa GiveDirectly. Huo wa Siaya Niehaus yumo, naye ni mwanzilishi. Mtu wa hesabu hawezi kuliacha hilo lipite. Nikikagua vitabu vya shemeji yangu hata kama nimekagua kwa haki kabisa, bado ni lazima niseme ni shemeji yangu. Kwa upande wao walisema, imeandikwa wazi, na mpango wa uchambuzi ulisajiliwa kabla ya matokeo ili mtu asichague majibu yanayompendeza, na ndani ya timu wamo watu kama Edward Miguel, mchumi wa chuo kikuu cha Berkeley Marekani, ambao si wa shirika. Tena kundi hilo hilo la Haushofer na Shapiro ndilo lililotoa matokeo yasiyopendeza, kwamba majirani wasiopata walipungukiwa na furaha walipoona wenzao wamepata. Kwa hiyo mimi nayaamini matokeo, lakini ningependa kuona tafiti nyingi zaidi ambazo hakuna mwanzilishi hata mmoja ndani, na ningependa bodi iseme hadharani nani anaidhinisha utafiti upi.

Kipimo cha nje kabisa ni GiveWell, shirika la Marekani linalopima msaada upi unafanya zaidi kwa kila dola, ambao kwa karibu miaka 10 waliwaweka GiveDirectly kwenye orodha yao ya juu, halafu 2022 wakawatoa, sio kwa kosa bali kwa sababu walipandisha kiwango na wakaona vyandarua na dawa za malaria zinafanya zaidi kwa dola ile ile. Mwisho wa 2024 wakarudi wakasema walikuwa wameidunisha pesa taslimu, thamani yake ni mara tatu hadi nne ya walivyokadiria zamani. Hao nao nawapa heshima kwa kubadilisha kauli hadharani.

Tukija kwa wapokeaji wenyewe, hapa ndipo ninapowasema. Mwaka 2015 walipoingia Homa Bay karibu nusu ya watu katika baadhi ya maeneo walikataa pesa. Walikataa! Uvumi ulienea kwamba ni pesa za shetani, za kafara, ukizipokea mtoto anakufa. Wengine huko mbali walicheka, mimi sikucheka, kwa sababu mtu wa kijijini amezoea kuona msaada wenye masharti yaliyofichwa, na hakuna aliyemweleza kwa lugha yake pesa inatoka wapi, nani ameitoa na anataka nini. Hiyo kwangu ni hoja ya uwajibikaji kabisa kabisa. Ripoti nzuri ilikuwepo, ya Kiingereza, kwa ajili ya mtu wa New York, na mama wa Homa Bay akabaki na uvumi. Shirika lilijifunza, wakaanza kutumia redio, mabaraza, viongozi wa mtaa, wana namba ya bure ya malalamiko, wanawapigia wapokeaji simu baadaye kuuliza kama kuna mtu aliwaomba rushwa, na kwa miaka walikuwa na ukurasa unaoonyesha maneno ya wapokeaji bila kuchujwa, pamoja na yale ya kulalamika. Nimesoma pale mtu akisema pesa imeleta ugomvi na mume, na hawakufuta. Sijaona shirika lingine la ukubwa huo likifanya hivyo.

Lakini jamani, hesabu zilizokaguliwa bado zinasomwa na anayetoa, sio anayepokea. Sheria yetu ya mashirika ya manufaa ya umma, ile ya 2013 iliyolala rafu miaka mpaka ikaanza kutumika Mei 2024, inawataka waliosajiliwa Kenya wapeleke ripoti na hesabu kwa mamlaka husika. Vizuri. Ila mzee wa kijiji Rarieda hatafungua tovuti ya mamlaka. Ningetaka kuona karatasi moja tu, kwa Kiswahili na Kijaluo, ibandikwe kwa ofisi ya chifu: kaunti hii mwaka huu iliingia shilingi ngapi, kaya ngapi zimepata, malalamiko mangapi yamekuja, mangapi yamemalizwa, wafanyakazi wangapi wamefukuzwa kwa wizi. Hawa watu wana data za ajabu, wanajua mpaka nani alinunua mbuzi wangapi, hawawezi kushindwa na karatasi moja.

Na ndugu mlioko Ghuba, haya maswali si ya wazungu peke yao. Kuna nyumba ya mayatima niliyowahi kuombwa niwasaidie hesabu, jina silitaji, mkurugenzi ni mume na mweka hazina ni mke na akaunti ya benki ina saini zao wawili basi. Picha za watoto zilikuwa nzuri mno, video kila Ijumaa, dua, machozi, nilipoomba taarifa ya benki ya miezi sita nikaambiwa sina imani. Watu wazuri huenda walikuwa wazuri, mimi sijui mioyo ya watu, lakini pesa ya yatima ndiyo inayotaka saini ya mtu wa tatu kuliko pesa nyingine yoyote. Kama shirika la mtaa wenu haliwezi kukupa hesabu zilizokaguliwa, majina ya bodi, na namba ya simu ambayo mpokeaji anaweza kumlalamikia mtu asiye wa familia ya mwenyewe, peleka sadaka yako kwa jirani unayemjua mkono kwa mkono.

La mwisho, na hili nalifuatilia kwa karibu. Mwaka 2018 GiveDirectly walianza rasmi ule mradi mrefu wa Siaya na Bomet, kuna vijiji viliahidiwa shilingi 2,250 kwa mwezi kwa kila mtu mzima kwa miaka 12, yaani mpaka kama 2030. Vingine vilipewa miaka miwili tu, vingine mkupuo mmoja, vingine havikupewa kitu vikawa vya kulinganisha. Matokeo ya kwanza yaliyotoka 2023 yalikuwa mazuri, waliojua pesa itaendelea kuja miaka mingi walithubutu kuanzisha biashara zaidi ya wale wa miaka miwili, na hiyo ina maana watu wamekopa, wamejenga, wamepanga maisha yao juu ya ahadi ya shirika ambalo linaishi kwa michango, na michango kila mtu anajua inapanda na kushuka. Kwa hiyo nikifungua hesabu zao kila mwaka kabla sijaangalia mishahara wala asilimia natafuta fedha zilizotengwa kwa kazi maalum, kuona kama pesa za hivyo vijiji zimewekwa kando mpaka mwisho au zinategemea mchango wa mwaka ujao, na ningeomba waliandike hilo kwa sentensi moja ya wazi kwenye ripoti ya mwaka, kijiji kwa kijiji, kiasi kilichobaki na mwezi wa mwisho wa malipo.